Mstari wa Kumi na Moja

Kila asubuhi ya likizo ya mwezi wa sita, Badria alianza kazi kwa kukata karatasi ngumu vipande vidogo na kuandika juu yake jina la mtandao wa wageni pamoja na nywila yake. Kazi hiyo ilikuwa yake peke yake. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wa mtu yeyote pale, na yeye mwenyewe alilijua hilo vizuri mno. Akimaliza, alivipanga vile vipande kwenye kisahani juu ya meza ya mapokezi, na kila mgeni aliyeingia alichukua chake pamoja na ufunguo wa chumba.

Nyumba hiyo ya wageni ni ya mjomba wake, Abdulkadiri, na ipo kwenye uchochoro unaotokea Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo. Kibao cha mlangoni kimeandikwa "Utulivu Lodge". Aliyechagua jina hilo bila shaka alikuwa anatania, maana tangu alfajiri wasukuma mikokoteni wanagombea njia chini ya madirisha, na spika za maduka zinashindana mpaka magharibi. Wageni karibu wote ni wafanyabiashara kutoka Komoro, Kongo na Zambia. Wanakuja kununua mzigo, na siku hizi hakuna anayenunua bila kuonyesha kwanza. Mtu anatandaza vitenge kitandani, anapiga simu ya video, na mteja wake aliyeko Moroni au Lubumbashi anachagua rangi akiwa kwake amekaa. Wengi wao hawana laini za simu za hapa, kwa hiyo mtandao wa nyumba ukikatika na biashara yao imesimama.

Mitandao yenyewe ilikuwa miwili. Mmoja ulikuwa wa ofisi, wa kompyuta ya mapokezi, printa na kamera za ulinzi. Wa pili ulikuwa wa wageni. Katikati yake mafundi waliweka kitu kama ukuta, ili mgeni aweze kufika kokote duniani lakini asiweze kuchungulia ofisini. Mjomba aliutaka ukuta huo tangu mwaka juzi, pale mtoto wa mgeni mmoja alipobofyabofya simu ya baba yake na printa ya mapokezi ikaanza kutoa picha za wachezaji wa mpira, kurasa arobaini, tena za rangi. Watu walicheka sana. Mjomba hakucheka, kwa sababu kwenye kompyuta hiyo hiyo kulikuwa na nakala za pasi za kusafiria za wageni wote.

Jumatatu moja, Badria alikuwa bado na mkasi mkononi mgeni wa kwanza aliposhuka ngazi akilalamika. Simu yake ilionyesha imeshika mtandao, alama zote zimejaa, lakini hakuna kinachofunguka. Akaja wa pili, akaja wa tatu. Joyceline, dada wa mapokezi, aliwaomba wazime simu na kuwasha tena. Walizima, wakawasha, wakarudi na malalamiko yale yale. Ajabu ni kwamba kompyuta ya Joyceline iliyokuwa kwenye mtandao wa ofisi ilifanya kazi vizuri kabisa.

Kilichobadilika kilijulikana. Jana yake, Jumapili, fundi Gaudens alihamisha mfumo mzima wa kuendesha mitandao kutoka programu ya zamani kwenda programu mpya, kwenye kompyuta mpya. Gaudens alikuwa kijana mpole kutoka Mbinga, na mjomba alimchukua kwa majaribio ya miezi mitatu. Miezi hiyo ilikuwa inaisha wiki hiyo. Alishamwambia Badria kwamba akipata kazi ya kudumu atamleta mke wake Paskalina na mtoto wao mchanga, ambaye mpaka sasa alikuwa amemwona kwenye simu tu.

Gaudens alifika akihema, akaweka begi la vifaa chini na kuanza kutafuta. Alizima ruta na kuziwasha. Alibadilisha waya. Alipanda ngazi mpaka ghorofa ya tatu kukagua kimoja kimoja vile visanduku vyeupe vya dari vinavyosambaza mawimbi. Aliwapigia simu watu wanaoleta intaneti, wakamjibu kwamba kwao ni shwari. Halafu akafungua daftari la kaunta lililokuwa mezani, akalilinganisha na kompyuta mpya kwa kidole, mstari baada ya mstari.

"Ruhusa kumi, na zote kumi zimo," alisema. "Kwa hiyo huku hakuna tatizo. Tatizo liko kwingine."

Badria alisikia, akaweka mkasi chini.

Daftari hilo aliliandika yeye. Ule ukuta wa katikati ya mitandao ulikuwa na orodha ya ruhusa, yaani mambo machache yaliyoruhusiwa kupita. Programu ya zamani haikuweza kuikabidhi orodha hiyo kwa programu mpya, kwa hiyo ilibidi inakiliwe kwa mkono. Jumapili, wakati Gaudens yuko juu ya ngazi anavuta waya, alimwomba Badria akae kwenye kompyuta ya zamani na kuandika kila mstari kama ulivyo. Badria aliandika kumi, kwa mwandiko wake ule wa kujivunia. Chini kabisa ya kioo aliona mstari mwingine umejitokeza nusu. Wakati huo huo rafiki yake Amira alikuwa anamwita kutoka mlangoni, waende kuchagua kitenge cha sare ya harusi ya shangazi yake Amira kabla duka halijafungwa.

"Umeshuka mpaka chini?" Gaudens aliuliza akiwa juu ya ngazi.

"Ndiyo," alijibu Badria, mguu mmoja ukiwa tayari ndani ya kandambili.

Jibu hilo halikumchukua hata sekunde moja, na usiku alilala usingizi mzuri tu. Sasa alisimama nyuma ya meza ya mapokezi, akijiambia kwamba mstari mmoja hauwezi kuzima nyumba nzima. Huenda ulikuwa mstari mtupu. Huenda hata haukuwepo, aliuona vibaya. Alijiambia hivyo mara nyingi, na kila mara aliamini kidogo kuliko mara iliyotangulia.

Saa tano akashuka Bi Mwanamkuu. Huyu alikuwa mama wa makamo kutoka Moroni, mteja wa miaka mingi, na safari hii alikuja na wenzake watano kununua vitu vya harusi kubwa ya kwao. Huko Komoro harusi ya namna hiyo ni jambo la ukoo mzima, na mama wa bibi harusi hakubali hata sahani moja asiyoiona kwa macho yake. Mzigo ulipaswa kufungwa jioni hiyo ili uwahi boti. Kwa hiyo alihitaji kupiga simu ya video, tena ndefu, kabla ya saa kumi. Joyceline alijaribu kumgawia intaneti ya simu yake mwenyewe. Picha ilikwama kwenye paji la uso la mama wa bibi harusi, na baada ya muda mfupi bando likaisha.

Badria alimwambia mjomba kwa sauti ndogo kwamba labda wageni wapewe nywila ya ofisi, kwa leo tu. Mjomba alikataa papo hapo. Alisema hawezi kuweka pasi za watu sokoni kwa sababu fundi ameshindwa kazi. Kisha akamgeukia Gaudens, mbele ya watu, na kumwambia kwamba hao akina mama sita wameshasema watahamia nyumba ya jirani.

"Nakupa mpaka saa kumi," alisema. "Ikifika saa kumi hujapata tatizo, kusanya vifaa vyako. Nitatafuta fundi mwingine."

Gaudens aliitikia, "Sawa, mzee," na akarudi kwenye kompyuta. Badria aliona anajifuta uso kwa mkono wa shati, na wakati huo alijichukia. Maneno yalikuwa mdomoni, mafupi tu, lakini macho ya mjomba yalikuwa makali siku hiyo, na Badria alikuwa mtoto anayesifiwa kila mara mbele ya binamu zake kwamba mambo yake hayana mushkeli. Akaogopa kuipoteza sifa hiyo. Badala ya kusema, akapata wazo ambalo kwake lilionekana zuri sana.

Kompyuta ya zamani ilikuwa imeuzwa kwa Eliasi, mnunuzi wa vyombo chakavu vya umeme upande wa Mtaa wa Aggrey. Akiifikia, ataiwasha, ataunakili ule mstari wa mwisho, ataurudisha kwenye daftari kimyakimya, na hakuna atakayejua. Alimwambia Joyceline anakwenda kununua maji, akatoka mbio.

Kariakoo hairuhusu mtu kukimbia. Alikwama nyuma ya mkokoteni wa magodoro, akapenya katikati ya wanawake waliokuwa wanapima vyungu kwa kuvigonga, akapigiwa kelele na mwenye machungwa baada ya kukanyaga turubai lake. Adhana ya adhuhuri ilimkuta njia panda, na wenye vibanda wakaanza kufunika bidhaa zao kwenda kusali. Alipofika kwa Eliasi, kandambili moja ilikuwa imekatika. Alidhani mwenyewe yuko msikitini, akamsubiri mlangoni, akihesabu dakika ambazo hakuwa nazo.

Lakini Eliasi ni Mkristo, kama jina lake linavyosema, na wala hakuwa msikitini. Alikuwa nyuma ya kibanda anakula ubwabwa. Badria alisimama mlangoni nusu saa nzima bila kuuliza mtu, kwa kuwa kuuliza kungemlazimu kueleza.

"Ile kompyuta ya mjomba?" Eliasi alisema hatimaye, akinawa mikono. "Nimeshaisafisha yote asubuhi, na ndani hamna kitu. Kuna jamaa wa Tandika kaichukua. Kwani mlisahau kitu?"

"Hapana," alisema Badria.

Akasikia mwenyewe jinsi hiyo hapana ilivyotoka haraka, kama ile ndiyo ya jana. Uongo wa kwanza ulihusu mstari, wa pili ulihusu maji ya kunywa, huu ulikuwa wa tatu, na wote ulikuwa wa kuficha jambo lile lile moja. Alikaa muda mrefu kwenye kibaraza cha duka lililofungwa, kisha akarudi taratibu, mguu mmoja peku, na njia nzima alikuwa analia bila sauti. Watu walimpisha wakidhani amepotelewa na mtu.

Aliporudi ilikuwa saa tisa na robo. Mabegi ya akina mama wa Moroni yalikuwa yamepangwa mlangoni. Bi Mwanamkuu alikuwa amekaa juu ya moja, simu mapajani. Gaudens alikuwa amepiga magoti chini ya meza, akikusanya bisibisi na vipande vya waya na kuviingiza begini, ingawa muda aliopewa ulikuwa haujaisha. Simu yake ilikuwa sakafuni pembeni yake. Kwenye kioo kulikuwa na picha ya mtoto amelala.

Badria hakupanga aseme nini. Alijikuta amesimama katikati ya mapokezi na kandambili iliyokatika mkononi.

"Kaka Gaudens, mimi sikushuka mpaka chini."

Gaudens aliinua kichwa. Mjomba, aliyekuwa anaongea na mgeni mlangoni, aligeuka.

"Jana uliponiuliza nilisema ndiyo, lakini nilikuwa sijashuka," Badria aliendelea. "Kulikuwa na mstari mwingine chini, nikauona nusu. Nilikuwa nina haraka ya kwenda na Amira. Mchana nimeenda kwa Eliasi niunakili kwa siri, nikakuta kompyuta imeshafutwa. Mstari wenyewe siujui. Najua tu kwamba ulikuwepo."

Badria alitazama vidole vyake vya miguu vilivyojaa vumbi, akisubiri mjomba apasuke. Badala yake alisikia Gaudens anavuta kiti.

"Kwa hiyo zilikuwa kumi na moja," Gaudens alisema polepole, kana kwamba anaongea na nafsi yake. Hakuwa na hasira usoni. Alikuwa na ule uso wa mtu aliyepotea akaonyeshwa njia. "Mzee, naomba nitumie dakika zangu zilizobaki."

Aliomba simu ya Bi Mwanamkuu. Kwanza aliandika jina la tovuti moja, na kama kawaida halikufunguka. Kisha akafuta jina, akaandika namba tupu, tarakimu kadhaa zenye nukta katikati. Ukurasa ukafunguka mara moja. Joyceline alisogea kutazama, na hata mjomba alisogea.

Gaudens aliwaeleza huku vidole vyake vikiwa tayari vinafanya kazi kwenye kompyuta mpya. Kwenye intaneti kila mahali pana namba, alisema, ila sisi watu tunakumbuka majina. Simu ikipewa jina, inauliza kwanza namba yake. Hapa kwetu kinachojibu ni kile kisanduku cheusi kilicho chini ya meza ya Joyceline, na kisanduku hicho kipo upande wa ofisi, nyuma ya ukuta.

"Ni kama mgeni anayekuja kwa Joyceline kuuliza duka fulani liko mtaa gani," alisema. "Barabara zote ziko wazi, ila dirisha la kuulizia limefungwa. Atasimama hapo hapo mpaka usiku. Mstari wa kumi na moja ulikuwa ndio hilo dirisha. Ruhusa ya wageni kukiuliza kile kisanduku swali hilo moja, na si kingine chochote."

Aliandika ruhusa hiyo, akaisoma mara mbili, akabonyeza kuhifadhi. Kwa muda mfupi hakuna kilichotokea. Halafu simu ya Bi Mwanamkuu ikalia mlio wa ujumbe, ikafuata ya mwenzake, zikafuata za ghorofani. Nyumba nzima ikawa inalialia kwa jumbe za tangu asubuhi. Gaudens hakufurahi haraka hivyo. Alichukua simu ile ile na kujaribu kuitafuta printa ya ofisi, akahakikisha haionekani. Ukuta ulikuwa bado umesimama.

Ilikuwa saa kumi kasoro dakika kumi na mbili. Vitenge vilitandazwa pale pale juu ya makochi ya mapokezi, na mama wa bibi harusi akatokea kwenye kioo, safari hii uso mzima. Alivitazama kimoja kimoja kwa utulivu wa mtu ambaye hakuna aliyemwambia kuhusu siku waliyopitia wenzake. Mwisho akasema ile rangi ya kijani haitaki kabisa. Bi Mwanamkuu alikaa chini akacheka mpaka akafuta machozi, na wenzake wakaanza kurudisha mabegi vyumbani.

Mjomba alisubiri mpaka mapokezi pakatulia. Kisha alimwita Gaudens na Badria kwenye meza. Alianza na Gaudens. Alimwambia kwamba alimpa siku mbaya mbele ya watu, na kwamba anamwomba radhi. Kesho aje na vyeti vyake, waandikishane kazi. Gaudens alishukuru, akasema na yeye ana kosa lake. Orodha kama ile alipaswa kushuka kwenye ngazi na kuitazama kwa macho yake, asimwachie mtoto mzigo wote.

"Hilo ni kweli, na usilirudie," alisema mjomba. Kisha akamgeukia Badria, ambaye alikuwa bado ameshika kandambili.

"Sitakupiga wala sitakupigia kelele, kwa sababu umesema mwenyewe kabla hujaulizwa. Lakini nisikilize. Kuruka mstari ni kosa la dakika tano. Hata mimi naruka mistari. Kilichokula siku nzima ni ile ndiyo yako. Fundi akiambiwa hapa pamekaguliwa, haendi kutafuta hapo tena. Anatafuta kila mahali pengine, na hapatikani kitu, mpaka mtu asiye na kosa anakusanya vifaa vyake. Ukiwa hujamaliza, sema hujamaliza. Ukiwa hujui, sema hujui. Hayo ni majibu yanayomsaidia mtu kufanya kazi. Umenielewa?"

Badria alisema ameelewa. Alimgeukia Gaudens, akamwomba radhi. Gaudens alimtengenezea kandambili kwa kipande cha waya, akamwambia kazi yao bado haijaisha. Orodha mpya ilipaswa kunakiliwa upya kwenye daftari, ili siku nyingine mfumo ukihamishwa isitafutwe tena kwa machozi. Akamkalisha kwenye kompyuta na kumpa kalamu, akapanda ngazi kurudishia kifuniko cha kisanduku cha dari.

Badria aliandika polepole. Chini ya kioo mstari wa kumi na moja ulikaa peke yake, mfupi kuliko yote. Aliunakili kwa uangalifu, herufi kwa herufi. Kutoka mlangoni Amira alimwita, akasema duka la vitenge linataka kufungwa na sare zimebaki vipande viwili tu.

"Umeshuka mpaka chini?" Gaudens aliuliza kutoka juu.

Neno lilikuwa tayari kwenye ulimi wa Badria. Alilizuia.

"Bado," alisema. "Subiri kidogo."

Akashuka mpaka mwisho wa ukurasa, pale ambapo hakuna tena pa kushuka. Hapakuwa na kitu kingine. Alihesabu ya kwenye kioo, akahesabu ya kwenye daftari, kisha akainua kichwa kuelekea kwenye ngazi.

"Sasa ndiyo," alisema. "Lakini ushuke uone mwenyewe."